Sadaka Isiyo na Jina

Mwaka 1836 George Müller alifungua nyumba ya yatima mjini Bristol, Uingereza. Kufikia mwaka 1870 palikuwa na nyumba kubwa tano, zenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000.

Müller hakuwazungukia watu akiwaomba fedha, alimwomba Mungu. Tena, alipochapisha hesabu hakutaja majina ya waliotoa. Mtoaji alipewa stakabadhi yenye nambari, na katika hesabu aliitafuta nambari yake, akajua kwamba sadaka yake imefika. Hesabu ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyejipatia sifa.

Nasi je? Katika harambee zetu majina husomwa kwa sauti, na aliyetoa nyingi hupigiwa makofi. Mama mjane mwenye shilingi chache hubaki nyumbani kwa kuona haya. Ni nani aliyemfungia mlango? Ni sisi.

Basi tujiulize kabla ya kutoa: kama majina yetu hayatasomwa, je, tutatoa kiasi kile kile? Jumapili hii tutoe kimya. Bwana ndiye atunzaye hesabu, naye hapotezi nambari ya mtu. Amina.