Historia ya Mbwa Wasiotakwa

Historia aghalabu huandikwa kwa majina ya wafalme, majemadari na waasisi wa dola. Viumbe wanyonge hupita pembeni mwa kurasa zake kama vumbi lipitavyo pembeni mwa njia. Hata hivyo, tukitaka kuijua tabia ya watu wa zama fulani, haitoshi kuwatazama walipokuwa mbele ya wakubwa wao. Yafaa pia tuwatazame walipokuwa mbele ya kiumbe asiyeweza kuwalipa wala kuwashtaki. Insha hii yaeleza habari za mbwa wasio na wenyewe katika miji ya Uingereza na Marekani, na hasa wale ambao hata ndani ya nyumba ya huruma walihesabiwa kuwa hawafai: wazee, vilema, wenye sura mbaya na wenye sifa ya ukali. Katika habari zao mna swali kubwa kuliko mbwa: nani ana haki ya kusema kwamba kiumbe fulani hafai, na kwa ushahidi gani?

Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua katika mtaa wa Holloway nyumba ya kuwahifadhi kwa muda mbwa waliopotea na wenye njaa. Kitendo chake kilichekwa. Gazeti la The Times lilikifanyia mzaha, kwani katika mji uliojaa watu maskini wasio na pa kulala, kumpa mbwa malazi kulionekana kuwa upuuzi. Miaka miwili baadaye, jarida la All the Year Round, ambalo mhariri wake alikuwa Charles Dickens, lilichapa makala iliyolinganisha makundi mawili ya mbwa: wale wa fahari walioonyeshwa Islington, na wale wanyonge wa Holloway. Makala hiyo iliutetea upande wa wanyonge. Tealby alifariki mwaka 1865, lakini kazi yake haikufa naye. Nyumba hiyo ilihamia Battersea mwaka 1871, ikaanza kupokea paka mwaka 1883, na mwaka 1885 Malkia Victoria akakubali kuwa mlezi wake.

Lakini mafanikio yalileta mtihani. Sheria ya mwaka 1867 iliwapa polisi wa London mamlaka ya kuwakamata mbwa waliozurura barabarani, na idadi ya walioletwa ikazidi. Mbwa aliwekwa siku chache. Ikiwa mwenyewe hakutokea, aliyependeza machoni aliuzwa, asiyependeza aliuawa. Mwaka 1884 kulijengwa pale chumba cha kuulia kwa hewa ya sumu, kilichobuniwa na Dokta Benjamin Ward Richardson ili mnyama afe bila mateso. Tusiwadharau watu wale, maana kabla yao mbwa wa namna hiyo alikufa kwa njaa au kwa fimbo. Ila twaona mpaka wa huruma yao: iliyapunguza maumivu ya kifo, wala haikukiondoa kifo chenyewe. Nyumba moja ilikuwa kimbilio la mbwa mzuri na mwisho wa mbwa mbaya.

Marekani mambo yalikwenda karibu na hayo. Katika miaka ya 1870 mji wa New York uliwatia mbwa wa barabarani ndani ya kizimba cha chuma na kuwazamisha katika mto wa East River. Henry Bergh, aliyeunda mwaka 1866 chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, alikataa kuishika kazi ya kuwakamata na kuwaua mbwa hao. Alifariki mwaka 1888, na mwaka 1894 chama chake kikaishika kazi ile ile aliyoikataa. Kwa upande mwingine, huko Philadelphia, Caroline Earle White na wanawake wenzake, walioanzisha umoja wao mwaka 1869, walijaribu kuligeuza boma la mbwa kuwa mahali pa kuwatafutia wapotevu makao. Basi tangu mwanzo njia zilikuwa mbili, na kwa karibu miaka mia iliyofuata, njia ya kifo ndiyo iliyokuwa pana.

Desturi ikidumu, watu huiona kuwa ni sheria ya maumbile. Habari ya mbwa mmoja wa San Francisco, jina lake Sido, yaonyesha jinsi desturi hiyo ilivyozama nyoyoni. Bibi aliyemfuga alifariki mwaka 1979, akaacha wasia kwamba mbwa wake auawe. Hakuusia hivyo kwa chuki. Alichelea kwamba mbwa wa miaka 11 hatapata tena mtu wa kumpenda. Richard Avanzino, mkuu wa chama cha kulinda wanyama cha mji huo, alikataa kumtoa mbwa auawe, na shauri likafika mahakamani. Mwaka 1980 hakimu alitoa hukumu ya kumponya, na gavana wa California akatia sahihi sheria ya kumwokoa. Sido aliishi miaka mingine kadhaa nyumbani kwa Avanzino mwenyewe. Hofu ya marehemu ilikuwa ya kweli, lakini dhana yake haikuwa ya kweli: waliotaka kumchukua mbwa yule mzee walikuwa wengi.

Mwaka 1994 chama hicho kilifanya mapatano na mji wa San Francisco kwamba kila mbwa na kila paka mwenye afya na tabia njema atapatiwa makao, hata akiwa mzee, mwenye jicho moja au asiye na uzuri wowote. Ahadi hiyo haikutimizwa kwa maneno matamu. Wanyama walifungwa uzazi ili wasizaliwe wengi kuliko nyumba zilizopo; walezi wa muda waliwachukua wagonjwa na wachanga majumbani mwao; na waliokuwa tayari walipelekwa mahali penye watu, badala ya kungojea watu wawafuate vizimbani. Mbwa hawakugeuka, taratibu za watu ndizo zilizogeuka.

Lakini kundi moja lilibaki nje ya mlango: mbwa waliofugwa kwa ajili ya kupiganishwa. Hukumu juu ya kila mmoja wa mbwa hao ilikuwa ile ile: alihesabiwa kama silaha, akawekwa kama kielelezo cha mahakama, kisha akauawa. Mwaka 2007 polisi walipekua shamba la Michael Vick, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, katika jimbo la Virginia, wakakuta mbwa zaidi ya 50, wengi wao wa jamii ya pitibuli. Vick alihukumiwa kifungo cha miezi 23. Juu ya mbwa, hata baadhi ya vyama vikubwa vya kuwatetea wanyama vilishauri wauawe, kwa hoja kwamba mbwa aliyelelewa kwa vita hatengenezeki.

Safari hii mahakama ilichagua kutazama kabla ya kuhukumu. Wataalamu waliwapima mbwa 49, mmoja mmoja, na kati yao mmoja tu ndiye aliyeshauriwa auawe kwa sababu ya ukali. Mahakama ilimteua Rebecca Huss, profesa wa sheria, awe msimamizi wa hatima yao, na Vick akaamriwa kulipa zaidi ya dola 900,000 kwa matunzo yao. Mbwa 22 waliokuwa na shida kubwa walipelekwa kwenye makao ya wanyama huko Utah. Wengine waligawiwa vyama vidogo. Ilidhihirika kwamba wengi walikuwa na woga kuliko ukali: walilala kifudifudi sakafuni, wakiogopa hata mkono uliowapa chakula. Baada ya muda wengi walipata nyumba. Mmoja, Leo, alizoezwa kuwatembelea wagonjwa wa saratani. Mwingine, Jonny, alikaa kimya akisikiliza watoto waliojifunza kusoma.

Mwaka 2009, huko North Carolina, mbwa zaidi ya 120 waliotoka kwa mpiganishaji mwingine waliuawa wote kwa amri ya mahakama, watoto wachanga wakiwamo. Lawama zilikuwa nyingi, na mwaka huo huo chama kikubwa kilichokuwa kikishauri kifo kiliigeuza kanuni yake, kikakubali kwamba kila mbwa apimwe peke yake.

Kuna hoja ambayo haifai kupuuzwa. Fedha ni chache na nafasi ni chache. Gharama ya kumtengeneza mbwa mmoja mgumu ingeweza kuwaokoa kadhaa walio wepesi. Hoja hiyo ni ya kweli katika siku moja na katika chumba kimoja. Lakini katika mwendo wa miaka, historia yajibu vingine. Chama alichokiunda Bergh kilikadiria kwamba wanyama milioni 2.6 waliuawa katika makao ya Marekani mwaka 2011, na kwamba mwaka 2019 hesabu hiyo ilishuka hata kufikia 920,000. Waliojifunza kumpatia nyumba mbwa mgumu walijifunza pia kuwapatia nyumba walio wepesi. Bado 920,000 si hesabu ya kujivunia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hekima hiyo ni nzuri kwa mlezi, nayo yamwonya asichelewe. Ubaya huanza inapotumiwa na hakimu, anaposema kwamba aliyekwisha kukauka hana budi kutupwa. Mbwa wa Virginia walikauka katika ukatili, na bado walikunjika kwa upole. Anayesema kiumbe hafai ametoa hukumu, na hukumu yataka ushahidi. Kwa muda wa karibu miaka 150 hukumu ilitolewa kwanza, na ushahidi haukutafutwa; ulipotafutwa, katika mbwa 49 ulimshinda mmoja tu.