Majina ya Mahali na Vitu vya Kale

Wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, leo twapenda kuzungumza habari za majina ya mahali. Kilima, kijito, mti mkubwa, hata konde lililoachwa, kila kimoja kina jina lake, na wenyeji hulitaja kila siku bila kuuliza lilitoka wapi. Mchora ramani apitapo huandika alisikialo, au hupachika la kwake. Wajerumani waliandika Wilhelmstal mahali pa Lushoto; utawala wao ulipokwisha jina lile lilitoweka, na Lushoto likabaki, maana lilikuwa vinywani mwa watu. Walakini si kila jina hupata bahati hiyo.

Tazameni habari za Katuruka, katika nchi ya Wahaya. Palikuwapo mti ulioheshimiwa sana, ukiitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia ya kuwa mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, alijengewa hapo mnara wa chuma wa kufika mbinguni, nao ukaanguka. Msikilizaji mwenye haraka angalicheka. Peter Schmidt, mtaalamu kutoka Marekani, hakucheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichimba pale walipomwonyesha wazee, akakuta mabaki ya kazi ya chuma, na mkaa wake ulipopimwa ulionekana una umri wa zaidi ya miaka 2000. Basi wahunzi walikuwapo pale zamani sana kabla ya Rugomora kuzaliwa, na hapana kitabu kilichowataja. Ni masimulizi na jina la mti tu.

Lakini jina peke yake laweza kupoteza. Kule Kilwa Kisiwani kuna magofu yaitwayo Husuni Kubwa, na husuni asili yake ni Kiarabu, maana yake ngome. Neville Chittick alipochimba katika miaka ya 1960 hakukuta ngome, bali jumba la kifalme, lenye birika la kuogea la pembe nane, na maandishi yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Kwa hiyo jina na kitu viandikwe pamoja.

Mwanafunzi aokotaye kigae cha kale shambani akakitia mfukoni hadi shuleni, ameleta kigae tu. Mahali pake hapajulikani tena. Na akiache pale pale, aandike ni hatua ngapi kutoka kijito au mwamba, na kama pana mavi ya chuma karibu. Jina aliandike kama bibi yake alitamkavyo, si kama lilivyo katika kibao cha barabarani. Watu wawili wakilieleza kwa maana mbili, aziandike zote mbili pamoja na majina yao, asichague. Tena asiwasahau wachungaji na warina asali, kwani hao hujua majina ya mahali pasipo na nyumba hata moja.