Namba Isiyokuwamo Sandukuni

Mwaka 1928 kasisi John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika nyika za Australia. Mwaka 1929 redio ya Alfred Traeger, ipatayo umeme kwa kukanyagwa kama baiskeli, ikaanza kutumika. Tangu 1942 mashamba ya mbali yaliwekewa masanduku ya dawa zenye namba: daktari hutaja namba, mama hutoa dawa.

Lakini usonji, alioueleza Leo Kanner mwaka 1943, haukuwa na namba. Leo mtaalamu wa mjini humtazama mtoto kwa intaneti, akamfunza mama kufuata mchezo wake, kungoja, na kuitikia ishara yake kama neno. Basi elimu husafiri. Kazi hubaki kwa mzazi, kutwa kucha. Asipopata wa kumpokea, tiba hukoma, ijapokuwa mtambo ungali ukiwaka.