Ubao Mmoja, Sheria Mbili: Bao na Urubugu Bujumbura

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, ufuko ule ulikuwa umeshazoea wageni. Wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wakipita na vyombo vyao katika Ziwa Tanganyika, na nyuma yao ilikuwapo njia ya misafara iliyopitia Tabora hadi pwani. Milimani hawakupenya. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo wa Burundi alimzuia hata Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyeogopwa pande zote za ziwa. Kwa hiyo Uswahili wa Burundi ukakaa kando ya maji, na chini ya Wabelgiji ukawa na mtaa wake, Buyenzi, wenye barabara za namba ambako Kiswahili ndicho lugha ya kibarazani mpaka leo.

Waswahili hao walikuja na bao lao, wakawakuta wenyeji wana la kwao. Warundi waliita mchezo wao urubugu. Ni ndugu wa igisoro ya Rwanda na omweso ya Buganda. Ukiuweka ubao wake kando ya ubao wa bao la Kiswahili, utapata tabu kutofautisha: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64, kila mchezaji 32 na safu zake mbili. Jukwaa ni lilelile. Sheria ndizo zilizoachana, na zimeachana sana.

Bao huanza na kete chache ubaoni. Kila mmoja anaweka sita katika nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, kisha mbili na mbili katika mashimo mawili yanayofuata. Zile 22 zilizobaki anazishika ili azinamue, yaani aziingize ubaoni moja moja. Zikiisha ndipo mchezo unaingia hatua ya pili, mtaji. Urubugu hauna subira hiyo. Kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo, na vita vinaanza hapohapo.

Tofauti kubwa iko kwenye kula. Katika bao unakula shimo la mbele la mpinzani tu, na kete ulizoteka unaziingiza upande wako kwa kuanzia pembeni, kwenye kichwa. Safu ya nyuma haiguswi. Lakini safu ya mbele ikikauka umefungwa, hata kama nyuma umejaza mali. Katika urubugu, kete yako ya mwisho ikitua kwenye shimo la mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayokabiliana nalo yana kitu, unabeba yote mawili, la mbele na la nyuma. Kisha unazisambaza kuanzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Anayeshindwa ni yule asiyebaki na shimo la kuchezea.

Hapo ndipo mcheza bao hodari anapoumbuka akihamia urubugu. Amezoea kuficha akiba nyuma, kumbe huku akiba hiyo ndiyo chambo. Naye mbuguzaji, yaani mcheza urubugu, akija kwenye bao huacha mbele wazi kwa kuamini utajiri wake wa nyuma, mara akaambiwa mchezo umekwisha.

Mbao zenyewe hazidai chochote. Nyumba ya bao mara nyingi huchongwa mraba, lakini kwenye ubao wenye mashimo ya duara matupu inatosha kukubaliana ni shimo lipi. Mkitaka kubadili mchezo, mnapanga kete upya tu.

Kinachonisikitisha ni kumbukumbu. Bao limepata waandishi: Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Zanzibar, akachapisha utafiti wake huko Leiden mwaka 1995. Kuhusu kubuguza, Alan Merriam aliandika makala fupi mwaka 1953, tena kuhusu kaskazini mashariki mwa Rwanda. Urubugu wa Burundi unastahili kitabu chake chenyewe, si tanbihi chini ya igisoro wala sura ya mwisho ya kitabu cha bao. Na mwandishi wake afadhali awe mtu anayejua kunamua na kubuguza, maana sheria za mchezo mmoja huonekana vizuri kwa macho ya aliyeshindwa katika ule mwingine.