Rangi Iliyo Chini ya Rangi

Reli ya Tabora hadi Mwanza, inayopita Shinyanga, ilikamilika mwaka 1928. Njia ni ileile, ila wenyewe wamebadilika. Ilianza ikiwa mali ya Reli ya Tanganyika. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, likazaliwa Shirika la Reli Tanzania. Kila mwenye mali mpya huandika jina lake ubavuni mwa behewa, juu ya jina la aliyemtangulia.

Nililiwaza hilo nikibandua rangi kwenye injini ya plastiki, ndefu kama kiganja, ambayo mtu mwenye haraka aliipaka kijani. Penye mikwaruzo ilichungulia damu ya mzee, rangi ya injini za mvuke za Afrika Mashariki.

Kazi hii inataka subira. Asetoni, iliyomo kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, huyeyusha polistirini, yaani plastiki yenyewe. Spiriti ni pole zaidi: unailoweka injini mbali na moto, dirisha likiwa wazi, kisha unasugua taratibu kwa mswaki laini.

Ukanda wa Geita wanaujua ubanduaji wa aina nyingine. Kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, kaboni iliyonasa dhahabu hupitishiwa maji ya moto yenye kostiki soda na sianidi mpaka dhahabu iachie. Pale kinachobanduka ndicho mali. Kwangu kinachobanduka kinamwagwa, na pengine ndicho kilichokuwa na thamani.

Injini halisi nazo zilibanduliwa. Katika makumbusho ya reli Nairobi ipo injini namba 6006, iliyopewa jina la Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Injini za kundi lake ziliitwa kwa majina ya magavana, na baadaye vibao vya majina hayo viling'olewa. Kundi jingine, injini 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, lilipewa majina ya milima. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zipo Nairobi hadi leo, ingawa milima yenyewe iko Tanzania.

Silaumu aliyeng'oa vibao. Nani angependa kubebwa kila siku na jina la mtawala wake? Lakini kibao kikihifadhiwa, mjukuu atauliza gavana huyo alikuwa nani. Kikiyeyushwa, hatajua hata kwamba kuna swali.

Kwa hiyo mimi hupiga picha kwanza. Kisha huacha kipande kidogo chini ya sakafu ya injini bila kukigusa: kijani juu, damu ya mzee chini yake, na plastiki tupu pembeni.