Kalafati katika Ziwa Viktoria

Chombo cha majini kina maadui wawili. Mmoja huonekana, nao ni upepo. Wa pili hujificha chini ya usawa wa maji, nao ni ufa. Upepo humpa nahodha habari kabla ya kufika, lakini ufa haupigi hodi. Kwa hiyo historia ya safari za Ziwa Viktoria, ambayo aghalabu husimuliwa kwa majina ya wafalme, wasafiri na meli, yaweza pia kusimuliwa kwa vitu vidogo ambavyo mafundi walivitia kati ya ubao na ubao.

Kabla ya misumari kufika ziwani, mitumbwi mikubwa ya visiwa vya Sese na ya Buganda ilishonwa. Fundi alichonga gogo moja kuwa mkuku, akapandisha mbao juu yake, akazitoboa matundu pembeni, kisha akazifunga kwa nyuzi za mimea. Katika mwaka wa 1875 Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa na zaidi ya vyombo 200 katika vita vyake na watu wa Buvuma. Watu wa pwani nao waliushona mtepe wao kwa kamba za makumbi ya nazi. Ubora wa mshono ulikuwa katika ulegevu wake: wimbi lilipokipinda chombo, mbao zilisogea pamoja na nyuzi zake. Dosari yake ilikuwa kwamba nyuzi huoza, na nguvu iliyobaki ndani yake haipimiki kwa macho.

Dosari hiyo ilidhihirika si mbali na Mwanza. Henry Morton Stanley alifika Kageye, katika Ghuba ya Speke, mnamo Februari 1875, akiwa na mashua yake Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Mashua hiyo ililizunguka ziwa. Lakini alipotaka kuuvusha msafara wake mzima katika Juni mwaka ule, alipewa mitumbwi na Lukonge, mtawala wa Ukerewe, na mingi kati yake ilikuwa imezeeka. Katika usiku wa kwanza mitumbwi mitano ilizama. Lady Alice ilipita gizani ikiokota watu, wakasalimika; mizigo na bunduki zikapotea. Mshono mwema usioshonwa upya kwa wakati wake ni sawa na kukosa mshono.

Kutoka pwani ilikuja elimu nyingine. Songoro, mfanyabiashara aliyekaa sehemu hizo, aliunda jahazi Ukerewe. Ugomvi ulizuka kisiwani, na katika Desemba 1877 Songoro aliuawa pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill. Jahazi la namna ile halikushonwa, bali lilipigiliwa misumari na kutiwa kalafati: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ikashindiliwa katika mianya kwa patasi na nyundo. Baharini mafundi hupaka pia deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuzuia mdudu atobozaye mbao. Ziwani mdudu huyo hayupo. Lakini chumvi nayo haipo, na maji yasiyo chumvi huziachia mbao kuoza upesi zaidi. Fundi aliyehama kutoka pwani alilazimika kubadili hofu yake.

Mfano wa tatu ni mashua Daisy ya wamisionari haohao. Alexander Mackay alipofika Kageye mwaka 1878 aliikuta katika hali mbaya, akaitengeneza. Katika Agosti alisafiri nayo kwenda Uganda pamoja na mwenziwe Wilson, dhoruba ikaivunja katika ufuko wa magharibi. Mackay hakujidanganya kwamba pamba yatosha kuponya mbao zilizovunjika. Aliikata sehemu ya katikati, akaunganisha tezi na omo, na mbao alizozitoa akazitumia kutia viraka. Mashua ikawa fupi, lakini katika Novemba ilifika Uganda. Hakuna dawa ya ufa ishikayo juu ya ubao mbovu.

Kisha chuma kilikuja. Meli William Mackinnon iliingia majini huko Kisumu mwaka 1900, na Winifred mwaka 1902. Mabamba yao yaliunganishwa kwa ribiti, na kingo zake zikagongwa kwa patasi mpaka zikabana. Hata katika chuma, basi, jina la kalafati halikufa.

Mashua za mbao zimebaki, na pamba bado hushindiliwa katika mianya yake. Lakini injini zimeleta matundu mapya: pale bolti, bomba au mhimili wa pangaboi unapopita katika ubao chini ya maji. Madukani ziko dawa za viwandani, na mwenye chombo hushawishika kuchagua iliyo kali kuliko zote. Poliurethani hunata sana. Afaa kuitumia mtu asiyekusudia kukifungua kiungo, kwa maana siku ya kukifungua ubao waweza kung'oka pamoja nacho. Polisulfidi hunyumbuka na hukubali kufunguliwa kwa taabu kidogo, ila hudhuru aina fulani za plastiki. Silikoni haikubali rangi juu yake, wala si ya kutegemewa kushikilia kifaa chini ya maji. Zote zataka mahali pasafi na pakavu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwa limeongeza neno lake: angalia waziba kwa nini. Ubao hulewa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa, na injini huutikisa mchana kutwa; kitu kigumu kisichokubali kwenda nao hupasuka kwanza. Mshona mtumbwi wa Sese aliyajua hayo bila kiwanda. Mnunuzi wa leo akiyasahau, gharama hailipwi na yeye peke yake, bali na kila aliyeketi ndani ya chombo chake akiamini kwamba sakafu iliyo chini ya miguu yake ni kavu.