DCMA (Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi)
Chuo cha jamii kilichofunguliwa mwaka 2002 Mji Mkongwe, Unguja, kikaweka madarasa katika Forodha Kongwe ya Mizingani.

Miongoni mwa waasisi ni Hildegard Kiel. Matona, mpiga fidla na udi, amekuwa mwalimu na kiongozi wa chuo, akiwarithisha vijana taarabu na ngoma za pwani.

Thamani kubwa ya chuo imo kwa wasichana: zamani ala za taarabu zilishikwa zaidi na wanaume. Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi, ni tunda la chuo hiki.

Mwishoni mwa 2019 ukata ulikaribia kukifunga.